Baiskeli za Meza ya Nne

3 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo baada ya miaka ishirini na mbili ya kubanwa na simu limeamua kustaafu kabla yangu. Ndiyo maana nakuandikia na sikupigii. Nikishatoka kazini sitaki kusikia simu hata ikiwa ya kheri. Mama yako hajambo. Goti lake linauma siku za kufua na linapona siku za kutembelea watu. Mjomba wako bado anatengeneza lile geti, mwaka wa nne huu, na sasa anasema tatizo ni ukuta.

Sisi kazini tumeshukiwa na neema. Tumeletewa mfumo mpya wa kompyuta, unaitwa Hima. Chumba chetu unakijua: meza sita juu ya karakana, ramani ya karatasi ukutani iliyotobolewa pini mpaka imechoka, feni moja inayozunguka kwa kubembelezwa. Mtu akipiga simu ya dharura, sisi ndio tunampokea na kumtumia gari la wagonjwa. Basi wakaja wataalamu watatu wenye viatu vya kung'aa. Walikaa siku mbili. Walipima meza, wakahesabu soketi za umeme, wakazungumza na meneja mlango ukiwa umefungwa. Sisi tunaopokea simu tuliulizwa swali moja tu kwa siku zote mbili: choo kiko wapi. Nafurahi kukuarifu kwamba tulilijibu kwa ufasaha.

Hima ina visanduku saba vya kujaza: jina la mpigaji, jina la mgonjwa, umri, mtaa, namba ya nyumba, aina ya tukio, hali ya mgonjwa. Mpaka vyote saba vijae, kitufe cha kutuma gari kinabaki cha kijivu, kimelala. Zamani nilikuwa nikisikia tu mtu anavyohema, nabonyeza kengele ya uani, gari linatoka getini, ndipo naanza maswali. Kengele hiyo wameing'oa. Walisema inapiga kelele. Siku hizi namuuliza mwanamke anayelia namba ya nyumba, akisema haijui namwambia asijali, na mashine nayo haina haraka.

Wewe unakaa na watu wa kompyuta huko. Labda unamfahamu aliyeibuni. Ukimwona mpe hongera.

Mama yako mdogo


26 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Barua yako imenikuta nimehamia ghorofa ya tano, kwenye jengo lenye lifti inayofanya kazi siku za ukaguzi. Mimi na mke wangu tu wazima. Yeye amezoea ngazi, mimi nimezoea kuambiwa nizizoee. Dawa ya goti la mama nimeshatuma. Mjomba mwambie ukuta haujafanya kosa lolote.

Hima naisikiasikia. Kuna mtu ninayemfahamu aliyeishughulikia, na kwa haki yake niseme kwamba vile visanduku havikuwekwa kwa roho mbaya. Rekodi zenu za zamani zilikuwa daftari lenye maelezo kama "yule wa juzi tena" na "nyuma ya fundi redio, uliza". Mtu aliyekaa mbali atapangaje magari ya mji mzima kwa "yule wa juzi tena"? Uzoefu ni kitu kizuri, Mama Mdogo, lakini uzoefu ulio kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye siku akiugua mafua. Huyo ninayemfahamu alitaka mji usitegemee mafua ya mtu.

Ipeni Hima muda. Kila kitu kipya kinabana mwanzoni, kama viatu, hata visivyong'aa.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Salamu. Barua yako imechelewa, na sababu yake utaicheka nikiifikia hapa chini. Mama yako kapokea dawa, kaipaka goti lisilouma, kasema haifanyi kazi. Mjomba wako kabomoa kipande cha ukuta.

Nimeyasoma maelezo ya huyo unayemfahamu. Ni mtu mwenye akili. Ila hilo la "yule wa juzi tena" sikumbuki kukuandikia. Nimelitafuta kwenye kumbukumbu yangu yenye mafua, sijaliona. Tuliache.

Sasa nikueleze tunavyoipenda Hima. Wiki ya kwanza tulijaza visanduku kama tulivyofundishwa. Wiki ya pili mtu wa meza ya kwanza akamsubirisha baba mmoja dakika tano akitafuta mtaa ambao haumo kwenye orodha, kwa kuwa watu wa mtaa huo wanauita jina jingine tangu enzi za babu zao. Wiki ya tatu tukagundua kwamba kitufe hakijali ukweli, kinajali kujaa tu. Basi tukawa tunachagua cha kwanza kwenye kila orodha. Kwenye aina ya tukio, cha kwanza ni "Ajali ya baiskeli". Mama anayejifungua: ajali ya baiskeli. Mzee aliyeanguka bafuni: ajali ya baiskeli. Umri wote tunaandika kumi na moja, maana ni tarakimu moja unaibonyeza mara mbili. Gari linatoka, kisha kwa redio namwambia dereva habari za kweli. Na kwenye kile kisanduku cha maelezo ya ziada, ambacho najua hakuna anayekisoma, naandika "haya basi".

Mwanzoni mwa mwezi huu meneja katuletea karatasi yenye grafu ya rangi tatu. Mji wetu, inaonekana, una janga la watoto wa miaka kumi na moja wanaogongana na baiskeli. Wakubwa wameshtuka. Wamepiga marufuku baiskeli katikati ya mji mpaka uchunguzi ukamilike. Mpeleka barua sasa anatembea kwa miguu, na ndiyo maana barua yako ilikuja na vumbi la wiki mbili.

Mwambie huyo unayemfahamu jambo moja tu. Mtu aliyeshikwa na hofu hajui yuko mtaa gani. Anajua anaona nini na anasikia nini. Hapo ndipo sisi tunapoanzia kazi.

Mama yako mdogo


18 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo.

Tu wazima. Mke wangu anakusalimu.

Ile grafu ya baiskeli ilionyeshwa huku kwenye mkutano mkubwa, na huyo ninayemfahamu alipigiwa makofi. Nilipomsomea barua yako aliwaeleza wenzake, nao wakapata dawa: kuanzia mwezi ujao, visanduku vikijazwa chini ya sekunde thelathini, Hima itakataa. Pia wametaka orodha ya maopereta wanaojaza kwa haraka isiyo ya kawaida, kwa namba za meza.

Nakuomba kitu, na usiniulize kwa nini. Kwa wiki chache hizi jaza visanduku vizuri. Andika mitaa ya kweli, umri wa kweli. Na hilo "haya basi" liache kabisa.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Salamu, na unisamehe kimya. Nilikuwa na kazi nyingi, na sasa sina hata moja, ndiyo maana naandika. Mama yako hajambo. Mjomba wako kageuza ule upenyo wa ukutani kuwa mlango, na geti kaliegemeza kando, kasema kumbe halikuwa na ulazima.

Niko likizo. Ni likizo ya kupewa, si ya kuomba, na haina tarehe ya kuisha.

Tarehe saba Mei, saa nne asubuhi, alipiga mwanamke. Alisema, "Amekabwa, amekuwa wa buluu," kisha akaiweka simu chini bila kuikata. Nikabaki nasikiliza chumba chake. Nikasikia cherehani, si moja, nyingi, za umeme. Mji mzima una sehemu moja tu yenye cherehani nyingi namna ile: wanaoshona sare za shule, juu ya duka la rangi. Nikajaza baiskeli zangu, na Hima ikaniandikia kwa adabu: "Taarifa zimejazwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Tafadhali subiri." Nilisubiri kiasi cha kuisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha nikavua hedifoni, nikafungua dirisha, nikamwita yule dereva tunayemwita Gia, aliyekuwa uani anafuta kioo. Nilimwambia, "Washona sare, juu ya duka la rangi, mtu kakabwa." Akaenda.

Mshonaji alikuwa amebana kifungo kwa meno, akacheka, kikateremka kooni. Walikitoa. Yu hai, nasikia amerudi kwenye cherehani yake na vifungo anavitia kwenye kopo.

Wakuu wamenipongeza kwa barua inayosema kwamba opereta namba nne amevunja utaratibu mara mia mbili na kumi na mbili. Wameambatanisha orodha, imepangwa vizuri sana, safu zimenyooka. Aliyeitengeneza ana mkono msafi. Kamati itakaa tarehe nne Agosti.

Kwa hiyo nimepumzika. Sikio linapona.

Mama yako mdogo


21 Juni

Mama Mdogo, shikamoo.

Sitauliza habari za nyumbani leo, nitauliza barua ijayo.

Hukuniandikia habari za yule fundi mwashi. Nimesoma faili. Gia alipoondoka kwa sauti yako, Hima iliendelea kuamini kwamba gari lake liko uani. Dakika nane baadaye binti wa mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, alipiga simu kwamba baba yake anabanwa na kifua. Mwenzako wa meza ya tatu, mnayemwita Kasuku, alijaza visanduku vyote saba kama tunavyotaka. Skrini ikawa ya kijani: "Gari limetumwa." Akamwambia binti asubiri. Kulikuwa na jirani mwenye pikapu, injini imeshawashwa. Akaambiwa azime, gari la wagonjwa linakuja. Gari lililotumwa lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la rangi bila mtu ndani, Gia akiwa ghorofani anambeba mshonaji. Magari mawili mengine yalikuwa uani, mazima, hayana kazi. Mzee alifia kizingitini baada ya dakika thelathini na tano.

Nilipofika kwenye ukurasa huo niliinuka, nikashuka ghorofa zote tano, nikasimama nje.

Wewe hukuniambia hilo, na mimi sikukuambia hili. Hakuna mtu ninayemfahamu, ni mimi. Visanduku saba ni vyangu. Kengele niliifuta mimi kwenye mchoro, kwa kalamu, nikiwa nimekaa hapa, kwa sababu sikuona inaunganishwa na nini. Wale wenye viatu niliwatuma mimi. Orodha ya maopereta niliitengeneza mimi, na nilipoiona namba nne inaandika "haya basi" mia mbili na kumi na mbili nilijua ni nani. Unaniandikia maneno hayo tangu nikiwa darasa la pili. Nilijua, na nikaipeleka hivyo hivyo. Nilijiambia ni namba tu.

Sijui niombe radhi kwa lipi kwanza.

Mwanao


5 Julai

Mwanangu,

Mama yako goti linamuuma kweli safari hii, hajatembelea mtu wiki nzima. Ulipaswa kuuliza.

Nilijua tangu Februari. Karatasi ya mkataba ilibandikwa ubaoni na jina lako chini yake. Niliwaonyesha wenzangu wote. Niliwaambia, huyu ni mtoto wetu, subirini muone. Kwa hiyo fikiria nilivyokaa pale na kile kitufe cha kijivu, na Kasuku ananiangalia. Nikakuandikia kwa kuzunguka, nikingoja useme mwenyewe. Ulichukua miezi mitano. Kwa kasi hiyo Hima isingekukataa.

Fundi mwashi sikukuandikia kwa sababu hilo siwezi kulifanyia mzaha, na barua nisiyoweza kuifanyia mzaha siijui inavyoanza. Nilikwenda kwao. Binti yake alinipa kiti. Aliniuliza ni nani alikuwa kwenye simu, nikamwambia aliyezungumza naye hakuwa na kosa, mwenye kulibeba nimekuja. Tukakaa. Hakunifukuza, wala hakuniambia si neno.

Usiniandikie kwamba ni mashine tu. Nilipomwita Gia pale dirishani, nyuma yangu walikaa watu watano, hedifoni masikioni. Nilipaswa kugeuka na kuwaambia gari limetoka. Zamani kengele ikilia wote tunajua, hakuna haja ya kusema, na miaka ishirini na mbili mdomo wangu haukuzoea kusema. Sikugeuka. Ile kelele mliyoing'oa ndiyo ilikuwa inawaambia wengine. Wewe hukulijua hilo, na nikuambie ukweli, hata mimi sikulijua mpaka mzee wa watu alipokufa.

Radhi zako siziwezi sasa hivi. Njoo ukae kwenye chumba kile siku tano, kiti changu kiko wazi, hilo mmelihakikisha. Vaa hedifoni ya pili usikilize. Ulale kwa mama yako. Kwangu usije mpaka siku tano ziishe.

Mama yako mdogo


6 Agosti

Mama Mdogo, shikamoo.

Nakuandikia kutoka meza ya nne, dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwako, kwa kuwa umekataza nisije na mama anasema akitazama uso wangu anaona bora nitii. Kwa goti lake nimempeleka hospitali. Mlango wa mjomba unafungukia kwa jirani, wamezoea.

Siku ya kwanza Kasuku alinipa kibodi akasema nijaze mwenyewe, yeye azungumze. Mwanamume akapiga: "Njooni upesi, hapa kwetu." Kwa dakika moja na sekunde arobaini nilijaza visanduku viwili, kimoja kimakosa. Kasuku alikuwa ameshajua mgonjwa ni mtoto, ana degedege, wako karibu na mashine ya kusaga. Nikamuuliza amejuaje, akasema hajui amejuaje, na kwamba nisimuulize tena katikati ya simu. Nilikuwa nadhani mnamwita Kasuku kwa sababu anarudia maneno ya watu. Siku ya tatu nikaelewa kwamba anarudia kwa makusudi: mpigaji akisikia maneno yake yanarudi polepole, naye anapunguza kasi, anakumbuka ana macho. Sikuwa na kisanduku cha kitu kama hicho, na nimekuwa nikiwafundisha watu kazi hii.

Juzi nilisimama mbele ya kamati. Meneja alisoma ile orodha yangu kwa sauti nzuri. Nikasema ni yangu, na kwamba mistari yote mia mbili na kumi na mbili ni ya mtu aliyekuwa anajaribu kutuma gari. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo unasema opereta hana kosa?"

Nilimjibu, "Nasema alikuwa na njia mbili, kuisubiri mashine au kuizunguka, na zote mbili nilizichora mimi."

Aliandika kitu, kisha akaomba maji. Nikawaeleza habari ya kengele, na ya kutogeuka kwako, kama ulivyoniandikia, sikuficha. Walitujadili kwa muda wa saa tatu.

Orodha imefutwa. Wewe unarudi tarehe mosi Septemba, ukiwa na onyo la maandishi kuhusu gari kuondoka bila taarifa. Mimi kampuni imenipa onyo refu kuliko lako. Meneja amepewa shukrani kwa usimamizi. Baiskeli zimeruhusiwa.

Hima inabadilishwa, na safari hii wanaoibadilisha ni wale wanaoitumia. Mimi nashika kalamu. Kutakuwa na kitufe kimoja juu kabisa, "Gari litoke", kisichosubiri kitu. Ukikibonyeza, gari hilo linakuwa jekundu kwenye skrini zote sita, na kengele inalia chumba kizima. Kasuku ndiye aliyechagua sauti yake. Ni mbaya sana.

Kesho ni siku ya tano.

Mwanao


12 Septemba

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mkeo. Chai ile siku ya sita hukuimaliza, lakini ulikaa, na hukujitetea, nami nimeridhika zaidi ya nilivyokuonyesha. Mama yako anatembea. Alikwenda kuonyesha watu goti.

Nimerudi mezani. Usidhani nilirudi kwa mbwembwe. Asubuhi ya kwanza simu iliita mara nne kabla sijaipokea, na zamani haikuwahi kuita mara mbili. Nilikuwa namwona yule binti na kile kiti alichonipa. Kasuku alinyoosha mkono, akaisogeza hedifoni yangu kidogo, karibu na sikio zima.

Nikapokea. Alikuwa mwanamume, anahema kama aliyekimbia, sauti imekatika, hawezi kueleza, nyuma yake wachuuzi wa soko wananadi. Nikabonyeza. Kengele ya Kasuku ikalia mpaka feni ikashtuka, gari likawa jekundu kwenye skrini zote sita, na safari hii niligeuka, nikawaambia wenzangu kwa mdomo, "Gia katoka, kaelekea upande wa soko." Wakaitikia wote watano. Gari lilikuwa barabarani ndani ya sekunde tisa.

Kisha mtu yule akapata pumzi, akanieleza. Kidole chake kimenasa kwenye chupa ya soda.

Meneja atauliza, na takwimu zako zitauliza. Kwa hiyo sikuchagua cha kwanza kwenye orodha. Niliandika umri wake wa kweli, thelathini na nne. Niliandika mtaa, kwa jina wanaloliita wenyewe. Na kwenye maelezo ya ziada nimeandika yote, jinsi alivyohema, kwa nini nilituma gari, na kwamba kesho mtu mwingine akihema hivyo nitatuma tena. Ni mistari minne.

Usome.

Mama yako mdogo